Nanasi, milia na marinda ya saladi: jibu kwa fundi cherehani

Swali:

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, elimu yangu kidato cha nne na hesabu nilipata F. Mteja wangu alipohama aliniachia kitabu cha sayansi kilichoandikwa kwa watu wa kawaida, kinachoeleza michoro ya maumbile: milia ya punda, madoa ya twiga, sega la nyuki, mpangilio wa majani. Nimekipenda ajabu, nakisoma usiku watoto wakishalala. Lakini nina mambo matatu. Kwanza, kila baada ya kurasa chache nakutana na hesabu zenye herufi za Kigiriki na kukwama. Nikiziruka nitakuwa nimekisoma kweli? Pili, nilihesabu mistari ya nanasi nikapata 8 na 13, kama kitabu kinavyosema, nikafurahi sana. Jirani yangu akaniambia namba hizo ziko kwenye kila kitu, hadi konokono na uso wa binadamu. Ni kweli? Tatu, mwanangu wa darasa la sita aliniuliza kwa nini ukingo wa jani la saladi una marinda. Nimepekua kitabu sikuona jibu. Nimwambie nini?

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na nanasi mezani. La mwanao ndilo swali bora kuliko yote, kwa hiyo nitalifikia mwisho, nikiwa na nafasi ya kulikalia.

Hizo hesabu za Kigiriki, ziruke. Mimi hesabu ndizo zinazonilisha, nafundisha walimu watarajiwa mwaka wa 17 sasa, na kitabu cha aina hiyo nikikishika mara ya kwanza naziruka vilevile. Mwandishi anayewaandikia watu wote huuweka mlinganyo kama wewe unavyobandika karatasi ya vipimo ukutani. Mteja haji kuchukua karatasi, anakuja kuchukua gauni. Gauni la mwandishi liko kwenye sentensi inayotangulia mlinganyo, ile inayoufuata, na picha iliyo jirani. Soma hizo, acha kipande cha uzi kwenye ukurasa, songa mbele. Ukirudi baada ya mwezi utakuta mlinganyo mmoja au miwili imelegea yenyewe. Na ile F isikutie unyonge. Mtu anayekata kitenge hadi maua yakakutana kwenye mshono wa ubavuni anafanya jiometri ambayo wanafunzi wangu wengi ingewatoa jasho.

Ninachotaka ubadilishe ni mahali pa kusomea tu. Kitabu cha ruwaza, yaani michoro inayojirudia, kinasomwa mezani, kitu chenyewe kikiwa karibu, kisu na pini zikiwa karibu. Ulipohesabu nanasi ulikuwa umekwisha anza kukisoma inavyotakiwa, basi turudi kwenye nanasi hilo.

Chukua pini zako zenye vichwa vya rangi. Chagua jicho moja katikati ya tunda, chomeka pini nyekundu, kisha fuata mstari wa macho unaopanda kwa ulalo mpaka kwenye kishungi cha majani. Hamia mstari ulio sambamba nao, na unaofuata, ukilizungusha tunda hadi uirudie pini nyekundu. Hapo utapata 8. Mistari inayolala upande mwingine itakupa 13. Hizo unazijua. Lakini tazama jicho lenyewe: lina pande zinazokaribia kuwa sita, kwa hiyo kuna familia ya tatu ya mistari, iliyosimama karibu wima, ambayo watu wengi huipita bila kuiona. Ihesabu kwa pini za bluu. Nanasi langu la leo lina 21, na la kwako, kama ni la ukubwa wa kawaida, naamini litakuwa hivyohivyo.

Nane na 13 ni 21. Kila namba katika msururu huu ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55. Kitabu chako bila shaka kimekuambia habari za Leonardo wa Pisa, yule anayeitwa Fibonacci, na fumbo lake la sungura la mwaka 1202. Pengine hakikukuambia kwamba hizi tarakimu tunazotumia alifundishwa barani kwetu, katika bandari ya Bugia iliyo Algeria ya leo, ambako baba yake alihudumia wafanyabiashara wa Pisa. Wala kwamba wataalamu wa mashairi wa India walikuwa na msururu huohuo kabla yake. Hemachandra aliueleza yapata mwaka 1150. Wao walikuwa wanahesabu mapigo. Silabi fupi ina pigo moja, ndefu ina mawili, je, mshororo wa mapigo manne unaweza kuujaza kwa njia ngapi? Gonga meza ujaribu. Utapata tano. Kwa mapigo matano utapata nane. Mimi nilitumia miaka mingi kufundisha sungura wale, ambao hawazaliani hivyo kokote duniani, kabla sijagundua kwamba ngoma ingenirahisishia kazi.

Sasa nanasi lilijuaje? Halikujua, na hapo ndipo utamu wa kitabu chako ulipo. Kwenye ncha ya mmea inayokua, vichipukizi vinazaliwa kimoja kimoja. Kila kipya kinatokea penye nafasi, mbali kadiri inavyowezekana na vile vilivyokitangulia, huku vya zamani vikisukumwa nje. Fikiria ungekuwa unapanga vifungo kwenye kitambaa cha duara, kila kifungo kipya ukikizungusha kwa pembe ileile kutoka kilichopita. Ukizungusha nusu duara kila mara, vifungo vyote vitajipanga kwenye mistari miwili na kuacha mabonde matupu. Ukizungusha theluthi, mistari mitatu. Sehemu yoyote nyepesi ya duara inaleta mistari na mabonde. Pembe inayokwepa jambo hilo kuliko zote ni digrii 137.5 hivi, na mmea unaofuata kanuni ya "nenda penye nafasi" unaishia karibu nayo bila kupimiwa na mtu. Ukishaipata pembe hiyo, mistari ya ulalo inajitokeza yenyewe, na idadi yake inaangukia kwenye msururu wetu.

Mwaka 1992 wanafizikia wawili nchini Ufaransa, Douady na Couder, walionyesha jambo hili bila mmea wowote. Walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku kwenye sahani ya mafuta, tone moja moja, katikati. Matone yalisukumana, yakasogea nje, na kudondoka kulipokuwa kwa kasi ya kutosha yakajipanga kwa mizunguko ya nanasi na alizeti. Tone lile halina mbegu wala jeni. Lina jirani tu anayelisukuma.

Hapo ndipo nakutana na jirani yako, ambaye mwambie nimemsalimu.

Namba zile haziko kwenye kila kitu. Tembea hadi bustanini utafute mmea wa sukuma wiki au kabichi uliochanua: ua lake lina petali nne, na nne haimo kwenye msururu. Menya hindi uhesabu safu za punje kuzunguka gunzi. Utapata 12, 14 au 16, karibu kila mara namba shufwa, kwa sababu vichipukizi vya hindi huzaliwa pacha pacha. Hata alizeti, ambayo ni bibi harusi wa vitabu hivi vyote, ina walioasi. Mwaka 2012 jumba la makumbusho la sayansi huko Manchester liliwaomba wananchi wapande alizeti na kuhesabu mizunguko. Vilikusanywa vichwa 657. Vingi vilitoa namba za Fibonacci, lakini vingine vilikosea kwa moja, vingine vilifuata msururu wa binamu yake unaokwenda 4, 7, 11, 18, na vingine havikufuata chochote kinachotambulika. Mimi hao waasi nawapenda kuliko wote. Kama namba ingekuwa imeandikwa ndani ya mmea, kosa lingekuwa ugonjwa. Kwa kuwa namba inatokana na msukumano wa majirani, kosa ni nafasi iliyobanwa kidogo tu mahali fulani, kisha wote wanaofuata wanajipanga upya.

Kuhusu konokono, jirani amesikia hadithi inayozunguka sana. Gamba la nautilo, yule mnyama wa baharini anayechorwa kwenye majalada, kweli linakua kwa mzingo unaotanuka kwa uwiano uleule kila mzunguko. Lakini kila mzunguko mmoja linatanuka takriban mara tatu. Mzingo uliochorwa kwa ule uwiano wa dhahabu, yaani 1.618 hivi, unaoukaribia ukigawa namba ya msururu wetu kwa iliyoitangulia, ungetanuka karibu mara saba. Hata kwa macho, ukiuweka mmoja juu ya mwingine, havilingani. Uwiano usiobadilika unatokea kwa sababu nyepesi: mnyama anaongeza gamba mdomoni tu, na kila anapoongeza anaongeza kwa kadiri ya ukubwa alionao. Uso wa binadamu sitaugusa. Ukitafuta namba moja kwenye uso wenye vipimo vingi namna ile utaipata, na kesho utapata nyingine. Wewe unayepima viuno kila siku unajua Mungu hakutumia futikamba moja.

Sasa milia na madoa. Sura hiyo usiisome ukiwa na usingizi. Msingi wake ni makala ya mwaka 1952 ya Alan Turing, Mwingereza anayejulikana zaidi kwa kompyuta na kuvunja mafumbo ya Wajerumani wakati wa vita. Turing aliuliza: kitu chenye rangi moja kote kinawezaje kujichora chenyewe? Vitabu vingi vinalieleza jibu lake kwa mifano ya nyasi na moto. Mimi naona magenge ya maandazi yanaeleza vizuri zaidi.

Mama mmoja anafungua genge, linachangamka. Majirani wanaona wateja, nao wanafungua hapohapo ubavuni. Huo ni uchochezi, nao unatembea polepole, mlango kwa mlango. Wakati huohuo kundi lile linavuta wateja kutoka mbali, kiasi kwamba anayejaribu kufungua genge mitaa mitatu mbele anakosa mnunuzi na kufunga. Hicho ni kizuizi. Kimezaliwa na uchochezi uleule, lakini chenyewe kinafika mbali na kwa haraka. Baada ya muda utaona vikundi vya magenge vilivyoachana kwa umbali unaofanana, na hakuna ofisa mipango miji aliyepima chochote. Turing alionyesha kwamba kemikali mbili zenye tabia hizo zinaweza kuchora madoa au milia. Yeye hakuyaona kwa macho. Alifariki mwaka 1954. Wanakemia wa Bordeaux waliyapata madoa hayo kwenye maabara mwaka 1990.

Ushahidi unaonigusa zaidi uko baharini kwetu. Kuna samaki wa miamba mwenye milia ya njano na bluu, Pomacanthus imperator kwa jina la kitaalamu, anayeonekana tangu Bahari ya Shamu hadi pwani yetu. Punda milia akikua, milia yake inakua pamoja naye, kama picha inayovutwa. Samaki huyu akikua, upana kati ya mlia na mlia unabaki vilevile, anaongeza milia. Mwaka 1995 Wajapani wawili, Kondo na Asai, walimfuatilia na kuona mlia mmoja unapasuka kuwa miwili, na ile njia panda inasafiri mwilini kama zipu inayofunguliwa. Hesabu za Turing zilikuwa zinasema hivyohivyo: umbali kati ya mistari unaamuliwa na kemikali, kwa hiyo mwili ukitanuka lazima mstari mpya uingie.

Kuna kanuni nyingine kwenye sura hiyo utaielewa kwa mkasi. Mwanahisabati James Murray alitabiri kwamba mnyama wa madoadoa anaweza kuwa na mkia wa pete, ila mnyama wa milia hawezi kuwa na mkia wa madoadoa. Mtazame duma, au chui: madoa mwili mzima, yakifika nchani mwa mkia yanaungana kuwa pete. Kata mkanda mwembamba kwenye kitenge chenye maua makubwa. Ua liko wapi? Halina nafasi ya ubavu, limebaki pande la rangi linalokata mkanda toka ukingo hadi ukingo. Mkia wa kijusi ni mkanda mwembamba namna hiyo.

Naomba hapo ushuku kidogo, hata kama mwandishi hasemi. Kuonyesha kwamba hesabu inachora punda milia anayefanana na wa kweli hakutoshi kuthibitisha kwamba punda mwenyewe alichorwa hivyo. Kwa wanyama wakubwa, kemikali zenyewe bado zinatafutwa. Mwaka 2019 kule Maasai Mara alionekana mtoto wa punda milia aliyekuwa na vidoadoa vyeupe mwilini badala ya milia. Mnyama yuleyule, ngozi ileile, kitu kidogo kimeyumba na mchoro ukabadilika kabisa. Nilipoiona picha yake nilimkumbuka Turing siku nzima.

Na milia ina kazi gani? Mwaka huohuo 2019 watafiti Uingereza waliwavika farasi makoti: mengine meusi, mengine meupe, mengine ya milia. Pange, wale nzi wakubwa wanaouma mifugo, waliwakaribia farasi wote sawasawa, lakini wenye makoti ya milia walitua kwao kwa nadra. Kuna fundi mahali fulani alizishona nguo zile, na sijaona kitabu kinachomtaja.

Sura ya nyufa za matope ni fupi, ila ina hila moja ya kutumia nje. Tope linapokauka mara ya kwanza, ufa mpya hukutana na wa zamani kwa pembe ya mraba, kama herufi T. Likilowa na kukauka mara nyingi, makutano yanahama taratibu kuelekea umbo la Y, pembe tatu zinazolingana. Ukiona bwawa lililokauka lina makutano ya Y tupu, limeshakauka na kujaa mara nyingi kabla hujafika.

Sasa mwanao.

Umeshika jibu mkononi mara elfu. Ukichukua utepe wa mita mbili ukaushona kwenye kiuno cha mita moja, ile mita ya ziada inakwenda wapi? Haiwezi kulala, basi inapanda na kushuka, na wewe unaiita marinda. Jani la saladi linafanya hivyo bila mshono. Seli za ukingoni zinakua zaidi ya zile za katikati, ukingo unakuwa mrefu kuliko nafasi iliyopo, na jani linajikunja juu na chini ili urefu ule upate pa kukaa. Mambo yakigeuka, katikati ikakua kuliko ukingo, jani linakuwa bakuli. Ndiyo majani ya ndani ya kabichi, na ndicho unachokifanya unapobana kitambaa kipate kukaa kifuani.

Kwa nini mawimbi madogo mengi, yasiwe moja kubwa? Hilo pia unalijua. Shifoni inatoa marinda madogo ya karibu karibu, jinzi inatoa makubwa machache, kwa kuwa kitu chembamba hakigomi kukunjwa. Ukingo wa saladi ni mwembamba, katikati kuna uti mgumu usiotaka kupindwa, basi mawimbi yanabanana pembeni.

Na usimwambie kwamba yote ni ya kurithi. Katika pwani ya Pasifiki ya Marekani kuna mwani mkubwa ambao mahali penye mkondo mkali una majani bapa, na penye maji tulivu una majani ya marinda. Watafiti walipohamisha mimea kutoka maji hayo kwenda mengine, majani yaliyokua baadaye yalibadilika kufuata mahali. Maji yakivuta jani, ukuaji wa katikati na wa pembeni unalingana.

Wengine huonyesha hili kwa kuchana taratibu nailoni, nawe huenda unayo ile ya kufungia majora. Shika upande mmoja, vuta mpaka ichanike polepole, na ukingo uliochanika utatoka na mawimbi, mawimbi yenye vimawimbi juu yake. Lakini kwa mwanao ningetumia ovaloki, kama unayo. Chukua kipande cha kitambaa cha fulana, upitishe ukingo wake huku ukiuvuta kwa nguvu, kisha uachie. Najua kwa mteja hilo ni kosa, unalifumua. Safari hii mpe mtoto avute mwenyewe, kipande kimoja kwa nguvu, kingine kwa upole, cha tatu bila kuvuta. Avipange mezani pamoja na jani la saladi, ahesabu mawimbi kwenye kila sentimita 10. Akipata namba zake, niandikie.